Nina milioni nne, nataka kuingia kwenye samaki wa Mwanza: sangara au dagaa?

FundiKizota

Wakuu, habari za leo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Kizota hapa Dodoma. Mke wangu ana meza soko la Majengo, anauza nafaka na viungo, na kila Jumamosi wateja wanamuuliza samaki wakavu. Tuliuza kiwanja chetu cha nje ya mji, tukalipa madeni, tukabakiwa na shilingi milioni nne. Tumekaa chini na mke wangu tukaona tuziingize kwenye samaki wa Mwanza.

Wazo langu lilikuwa sangara. Kila ninaposoma habari za uvuvi wa nchi hii naona sangara ndiye anayetajwa kwa fedha za kigeni, nikajiambia basi hela iko huko. Nilipanga ninunue friza mbili, nilete minofu, niuze kwa hoteli na majumbani. Shemeji yangu aliyewahi kukaa Sengerema ameniambia niachane kabisa na sangara, nichukue dagaa. Mke wangu naye dagaa hawataki. Anasema wana mchanga, wateja wanamrudishia, na safari moja aliletewa gunia zuri kwa macho, siku ya tatu likaanza kutoa harufu meza nzima ikanuka.

Naomba wenye uzoefu mnieleze ukweli wa biashara hii kuanzia ziwani. Nani anavua nini, nani ananunua, na mtu wa mtaji wangu anapenya wapi? Sitaki kuchezea hizi hela maana kiwanja kimeshaondoka na hakuna kingine. Natanguliza shukrani.

MzeeWaMinofu

Mdogo wangu fundi, mimi nimesimama kwenye meza ya kuchuna minofu kiwandani miaka kumi na moja, nakuambia nilichokiona.

Sangara ni samaki wa viwanda. Viwanda vilishamiri Mwanza, Musoma na Bukoba miaka ya 1990, na tangu hapo bei ya sangara mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, inapangwa na anayesafirisha nje. Wakala wa kiwanda anampa tajiri mwenye mitumbwi nyavu, injini na mafuta kwa mkopo, tajiri anamlipa kwa samaki. Kwa hiyo unapomwona sangara anashushwa kwenye mtumbwi wa barafu, ujue ameshauzwa hata kabla hajanaswa. Wewe wa milioni nne utasimama pale unaangalia mizani ya wenzako.

Halafu hesabu ya minofu. Sangara wa kilo kumi hakupi minofu ya zaidi ya kilo nne. Kilichobaki ni kichwa, ngozi, mafuta na mapanki, yaani mifupa, na kila kimoja kina mnunuzi wake. Utumbo nao una bondo, lile puto la hewa linalomsaidia samaki kuelea, na siku hizi wapo wanaomnunua sangara kwa ajili ya bondo kuliko nyama, kwa sababu mabondo yanakwenda Hong Kong na China kwa bei kubwa sana. Biashara ya mabondo ina watu wake na mitaji yake, usiisogelee.

Jambo jingine, soko lake likikohoa nje, huku tunalala. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu kulikuwa na watu wanavua kwa sumu. Mwaka 2020 ndege ziliposimama kwa ajili ya korona, minofu mibichi ilikosa pa kwenda, sangara akashuka bei mpaka wavuvi wengine wakafunga mitumbwi. Mimi nilirudishwa nyumbani mwezi huohuo.

Na sheria: sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Anapitapita sana sokoni kwa sababu ni wa bei rahisi, na mtu mgeni ndiye anayeuziwa. Ukikamatwa naye njiani hakuna wa kukutetea.

Wanaotumia sangara kwa mtaji mdogo ni wale wa kayabo, sangara wa kupasuliwa na kutiwa chumvi. Ila kayabo soko lake kubwa ni Kongo. Sidhani kama Dodoma wamemzoea.

MamaWaVichanja

Fundi mdogo wangu, nakuandikia kutoka Kirumba, Mwanza. Nimeanika dagaa kisiwani Goziba kuanzia 2006, nikahamia kuuza hapa mwaloni 2013. Nimesomesha watoto watatu kwa dagaa na mmoja ni nesi. Nakuomba usome pole pole, na mkeo asome pia, kwa sababu yeye amegusa penyewe kabisa: mchanga na harufu. Ukiweza kuyajua hayo mawili kwa mkono wako, biashara umeipata. Usipoyajua, hata ukipewa milioni arobaini zitakwisha.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu huyu samaki. Watu wengi wa bara wanadhani dagaa ni masalio, kwamba wavuvi wakikosa samaki ndio wanachota dagaa. Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza katika Ziwa Victoria. Sangara anatuletea fedha za kigeni, lakini dagaa ndiye anayejaza mitumbwi na maghala. Na sehemu kubwa ya samaki wa Tanzania, kama asilimia 85, inatoka kwenye maji baridi, yaani maziwa na mito, ingawa tuna pwani ndefu. Kwa hiyo unaponunua dagaa unaingia kwenye kiini cha uvuvi wa nchi hii.

Sangara mwenyewe ni mgeni. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, vile visamaki vidogo vya rangi rangi ambavyo wazee wa Ukerewe wanavisimulia mpaka leo. Furu walipopungua, chakula walichokuwa wakigombania na dagaa kikabaki kwa dagaa. Dagaa anazaliana haraka na hakai miaka mingi, ndiyo maana amestahimili. Nyavu halali ya dagaa ni ya tundu la milimita 8. Ukisikia mtu anavua na nyavu ya tundu dogo kuliko hilo, anachota vitoto vya sato na sangara pamoja. Ukifungua gunia ukakuta vifaranga vya samaki wengine vimechanganyika na dagaa, liache. Mimi sinunui, na siyo kwa kuogopa faini tu. Nimeishi kisiwani, najua mwaka ambao ziwa linagoma kunakuwaje.

Sasa njoo kwenye mwezi. Dagaa anavuliwa usiku wa giza. Mtumbwi unakwenda na wavuvi wanne, wanazitoa taa moja moja, kila taa juu ya kielea chake, wanaziacha juu ya maji na wao wanakaa pembeni kimya. Zamani zilikuwa karabai, ukilala kambini unazisikia zinavuma na upepo unakuletea harufu ya mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri na za sola. Dagaa anafuata mwanga, anajikusanya chini ya taa, wanaivuta ile taa taratibu, wanazungusha nyavu. Ukisimama ufukweni Goziba usiku wa giza nene, ziwa lote linakuwa na taa mpaka unadhani kuna mji ng'ambo. Nimekaa pale miaka saba na sikuwahi kuchoka kuutazama.

Mbalamwezi ikitoka, taa inakosa nguvu. Dagaa wanatawanyika, hakuna cha kuvua. Kambi inalala siku saba, wakati mwingine kumi, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakunywa. Ukija Kirumba wakati huo, na wageni wengi wanakuja wakati huo kwa sababu wanafuata tarehe ya mshahara, utakuta bei imepanda na mzigo uliopo ni ule walioukataa wenzako wiki iliyopita. Wewe hesabu kwa mwezi. Usiku wa mwezi mpevu ukipita, ongeza siku nane au tisa. Wavuvi watakuwa wameshaingia majini, dagaa wameshaanikwa, boti zimeshashusha. Hapo unachagua, huchaguliwi.

Mvua nayo iangalie. Kilo tatu na zaidi za dagaa wabichi ndizo zinazonipa kilo moja ya wakavu, maana yake maji mengi yanatakiwa kutoka, na yanatoka kwa jua peke yake. Jua likiwa kali, dagaa walioanikwa asubuhi jioni unawaanua. Masika na vuli unaweza kuanika mara tatu bado wanateleza mkononi. Ndio wakati gunia linalomdanganya mtu linapozaliwa.

Nikueleze langu. Vuli ya mwaka 2012 nilipokea magunia thelathini kutoka kwa mtu niliyekuwa nafanya naye kazi miaka miwili, nikayapeleka mimi mwenyewe Dodoma kwenye soko lenu hilo hilo. Nilifungua magunia mawili juu juu, nikashika, wakavu, wanametameta, nikalipa. Tulipofika Singida niliamka kwenye kiti cha mbele cha lori nikasikia joto linatoka nyuma, siyo joto la injini. Dodoma tuliposhusha, magunia kumi na nne yalikuwa yamechemka katikati. Juu wakavu, chini wakavu, katikati walitiwa wakiwa hawajakauka. Nilipoingiza mkono uliungua kama nimeuingiza kwenye uji. Nikawauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nilirudi Mwanza sina nauli ya kivuko.

Tangu siku hiyo hakuna gunia ninalonunua bila kuingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko. Na mkeo afanye hivyo. Anazamisha mkono upande, siyo mdomoni mwa gunia, anakaa nao humo kama pumzi tano. Kukiwa na baridi sawa na nje, vizuri. Kukiwa na uvuguvugu, afunge gunia aondoke hata kama muuzaji ni ndugu. Kisha avute konzi moja kutoka kati, aifumbate kwa nguvu, aifumbue. Dagaa mkavu anaachana mwenyewe, unamsikia anaita kama majani makavu. Mbichi anabaki amegandamana na umbo la vidole vyako. Amvunje mmoja karibu na kichwa: akatike, asikunjike. Aangalie vichwa. Vikiwa vimedondoka vingi, dagaa hao walichelewa kuanikwa, walilala kwenye mtumbwi wakalainika. Na rangi iwe ya fedha. Wakianza kuwa na unjano wa kutu, mafuta yao yameshaharibika, na huo uchungu hautoki hata ukiwapika.

Mchanga unatokana na kuanika chini ufukweni. Kambi nyingi bado zinamwaga dagaa mchangani, mama anawageuza na fagio, jioni anawazoa pamoja na ardhi. Sisi tuliokubali kuhangaika tunatumia vichanja: unachimbia miti, unapitisha fito kwa kimo cha kiuno, unatandika nyavu chakavu juu yake, unamwaga dagaa wepesi wepesi. Upepo unapita juu na chini, kuku na mbwa hawafiki, mvua ikinyesha ghafla unafunika na turubai. Dagaa wa kichanja bei yake iko juu, lakini hawana haja ya kupepetwa. Kipimo chake ni kikombe cha maji. Tia konzi moja, koroga, subiri, kisha angalia chini. Sihitaji muuzaji aniapie, kikombe kinatosha.

Nunua kwa kilo. Usikubali kuuziwa kwa gunia, maana gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, na gunia la kawaida yote yanaitwa gunia, na mchanga nao una uzito.

FundiKizota

Mama, asante sana. Nimemsomea mke wangu yote, nilipofika kwenye mkono mpaka kiwiko akanyamaza, akasema gunia lake lilikuwa hivyohivyo, juu safi na katikati moto.

Naomba niulize jingine. Watu wanasifia dagaa wa Kigoma kuliko wa Mwanza. Na wengine wanasema niende pwani, samaki wa bahari ndio wana heshima hotelini. Je, nisihangaike na Victoria kabisa?

MtuWaKibirizi

Kaka fundi, nazungumzia Kigoma kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na mzee wangu alikuwa mvuvi.

Dagaa wa Tanganyika ni wa aina nyingine na wa Victoria. Ni mnene zaidi, mtamu, na bei yake ni ya juu kuanzia mwaloni mpaka sokoni. Mtu anayekula dagaa wa Kigoma hamchanganyi na mwingine. Yuko pia samaki anaitwa mgebuka, ambaye kazi yake ni kumkimbiza huyo dagaa amle.

Lakini ujue ziwa letu linapumzishwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Ziwa tunalitumia nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hajui mpaka, kwa hiyo lazima wote tukubaliane. Mwanzoni watu walilia, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana nyumba yetu yote inakula kutokana na ule mwalo. Lilipofunguliwa niliwaona wazee wameshika migebuka mikubwa ambayo hatukuwa tumeiona muda mrefu, na tangu siku hiyo sijabisha tena.

Kwa biashara yako maana yake ni hii: kama wateja wako wanataka wa Kigoma, nunua kabla ya kufungwa na uwe na pa kuhifadhi. Mtu wa kuanza, na hela ni za kiwanja, mimi ningekuambia anza na Victoria kama mama alivyosema. Wa Kigoma mlete kidogo, kwa wateja wanaomjua.

BintiKilwa

Pwani usije na mpango wa friza, kaka yangu. Nakuambia kwa wema.

Huku kwetu mvuvi wa kawaida ana dau au ngalawa, anavua ndani ya miamba: changu, tasi, vibua, pweza. Samaki anauzwa kwa mnada palepale ufukweni saa moja asubuhi, na saa tatu ameshakaangwa au ameshapanda gari la Dar kwenda soko la Feri. Kamba miti wanatoka delta ya Rufiji na Bagamoyo, hao wana wanunuzi wakubwa. Jodari yuko bahari kuu, na anayemvua ni meli zenye leseni, nyingi za nje. Sisi wa ngalawa tunamwona anapokosea njia. Bandari ya uvuvi ya hapa Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi 2023, na matumaini yetu makubwa ni hizo meli zishushe hapa na watoto wetu wapate kazi.

Mimi ni mchokoa pweza. Tunakwenda na bamvua, maji yanapokupwa mpaka mwamba unabaki wazi, unatembea na fimbo unaangalia tundu lenye makombe yaliyotupwa mlangoni. Vijiji vingine vya Kilwa na Mafia vinaufunga mwamba miezi mitatu, kisha siku ya kuufungua wanaingia watu wote, na pweza anakuwa na uzito mara mbili ya yule wa zamani. Ni kazi nzuri na naipenda, lakini pweza ni wa barafu na wa siku hiyohiyo. Mpaka afike Dodoma kwa mtaji wako, faida yote imeliwa na barafu na nauli.

Msikilize mama wa Kirumba. Samaki mkavu anamsubiri mwenye mtaji mdogo, mbichi hamsubiri mtu.

MamaWaVichanja

Binti yangu wa Kilwa umesema kweli, na kazi yako ya mwambani Mungu aibariki.

Fundi, nimalizie upande wa hela, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi ninaowapokea wanapoumia. Wanakuja na mtaji wote kwenye mkoba, wanataka waondoke na lori. Usije na milioni nne. Njoo na milioni moja na laki mbili. Humo mna dagaa, nauli yako, usafiri wa mzigo, ushuru, na kibali cha kusafirishia unachokata kwa afisa uvuvi hapahapa mwaloni. Kibali usikiruke, na stakabadhi zako zote ziweke pamoja kwenye mfuko wa nailoni, zinaombwa njiani. Leseni ya biashara ya samaki ianzie huko kwenu kabla hujapanda gari.

Mzigo wa kwanza utakufundisha wateja wako. Mimi sijui Majengo ya leo wanapenda dagaa wa ukubwa gani. Wengine wanataka wadogo wa kusaga kwenye uji wa mtoto, wengine wanataka wale wakubwa wa kuunga na nyanya. Mkeo atajua ndani ya wiki mbili. Mzigo wa pili unanunua anachotaka mteja na siyo ninachotaka kukuuzia mimi.

Na hizo friza sahau, hizo hela ziwe za chumba. Dagaa hakai sakafuni. Wewe ni fundi wa kuchomelea, tengeneza chaga ya chuma yenye kimo cha goti, magunia yasimame juu yake na yasiguse ukuta. Saruji inavuta unyevu na dagaa anauvuta kutoka kwenye saruji. Acha nafasi ya mkono kati ya gunia na gunia. Kila Jumatatu ingiza mkono, kila gunia, kama nilivyokueleza. Ukikuta moja limeanza uvuguvugu, limwage kwenye turubai juani siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Dodoma mna jua na upepo mkavu ambao sisi huku tunauombea. Kwa hilo umebarikiwa kuliko mimi.

Mkeo asiuze kwa gunia wala kwa fungu la kukadiria. Auze kwa sado na kwa kilo, na pale mezani aweke kikombe cha maji. Mteja akiuliza mchanga, amtilie konzi moja aone mwenyewe. Nilianza hivyo hapa Kirumba watu wakanishangaa, sasa wapo wateja wa kutoka Malawi na Kongo wanaokuja kwangu kwa sababu ya kile kikombe. Siwezi kukuahidi faida, mdogo wangu. Bei inapanda na kushuka na mwezi, mwaka mwingine dagaa wanakuwa wengi mpaka unaogopa. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba mtu aliyekula dagaa safi anarudi.

Jambo moja linaniuma nalisema wazi. Dagaa wanaoharibika mvuani wanakwenda kuwa chakula cha kuku, na ni samaki huyuhuyu ambaye mama asiye na hela ya nyama anamlisha mtoto wake, anamla mzima na mifupa yake, na mtoto anapata nguvu. Kila kichanja kinachoongezeka kisiwani kinaokoa sahani za watu. Ndiyo maana ukiona dagaa wa kichanja ni wa bei juu, lipa. Yule mama wa kisiwani akilipwa vizuri ataongeza kichanja cha pili.

Ukija, pita moja kwa moja mpaka kwenye mizani kubwa, uliza mama wa vichanja. Nipo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Sitakuchagulia magunia, nitasimama pembeni mchague wenyewe, nitawaambia pale tu mtakapokosea.

FundiKizota

Mama, nimekosa maneno. Friza nimeziacha, nilikuwa nimeshaongea na muuzaji, amenielewa.

Tumeangalia mwezi. Umekuwa mpevu juzi usiku, tumehesabu siku tisa, inaangukia Alhamisi ya wiki ijayo. Chuma cha chaga nimeshakata, leo jioni nachomelea. Mke wangu amesema safari ya kwanza anakuja yeye kwa sababu lile gunia lilimchoma yeye, mimi nitabaki na mtoto na meza. Atashuka stendi ya Nyegezi asubuhi. Kikombe ameshakiweka kwenye mkoba.